Nilivyovua Kwenye Barafu Nikiwa Point, Nimevaa Kaptula

Vijana wangu, Jumapili iliyopita baada ya ibada mmoja wenu aliniuliza kama ni kweli nimewahi kuvua samaki kwenye barafu. Aliuliza kwa heshima zote, lakini wenzake nyuma yake walikuwa wameshaziba midomo. Jibu ni ndiyo. Nilivua mwezi wa kwanza, wakati ambapo hapa Durban hata kuta hutoka jasho, nikiwa nimeketi saluni kwa Mama Bahati huku Point, nimevaa kaptula, feni ikinipuliza mgongoni. Barafu yenyewe ilikuwa Amerika. Mvuvi nilikuwa mimi, au tuseme nusu ya mvuvi, na ile nusu nyingine nitawaeleza ilikuwa nani.

Lakini kwanza mjue kazi, maana mtu asiyejua kazi atadhani nawapigia hadithi.

Kabla magoti hayajanigomea nilikuwa mvuvi wa bwawani. Mnalijua lile bwawa kubwa huko juu, teksi mbili kutoka Point. Mwisho wa juma ni kama soko. Boti za injini zinakatiza, watu wa mashua nyembamba wanafanya mazoezi ya mbio, familia zinachoma nyama, kila gari limefungua milango na kila mlango una muziki wake. Ukingoni wavuvi wamebanana bega kwa bega. Wenye fimbo za bei kubwa wanamtaka samaki wa kupigia picha. Mimi na dada yangu tulimtaka samaki wa kuingia kikaangoni: tilapia wa ukubwa wa kiganja, yule anayelala mzima kwenye mafuta, kichwa na mkia vikiwa ndani.

Dada yangu mkubwa ni Yaya Nyota; kwetu yaya ni mkubwa wako wa kuzaliwa, si mlezi wa watoto. Mimi nilivua, yeye aliketi nyuma yangu juu ya ndoo ya rangi iliyogeuzwa, akaparua magamba, akatumbua, akakaanga, na akatoa maoni. Wateja wetu walikuwa akina mama wa kwetu kutoka Cato Manor na wanafunzi wa Kenya kutoka Glenwood, ambao humwita samaki huyo ngege na hula mpaka mifupa. Kila mteja alionyeshwa jicho la samaki kabla hajakaangwa. Hili lishikeni: jicho liwe angavu na limetuna. Likiwa limezama na lina ukungu, rudisha, hata kama muuzaji ni shemasi wako.

Sikuanza nikijua. Kwetu Uvira, ziwani, tulivua kwa nyavu, na ili samaki waingie wavuni tulipiga maji na kugonga ubavu wa mtumbwi. Basi asubuhi yangu ya kwanza pale bwawani nilikata tawi, nikaingia hadi magotini, nikaanza kuyachapa maji kwa nguvu zangu zote. Ukingo mzima ulisimama. Mzee mmoja wa Kihindi kutoka Chatsworth, ambaye baadaye nilimzoea kama Uncle Vish, aliweka chini bakuli lake la mchuzi, akanijia taratibu.

"Ndugu yangu," akasema, "chini huko watu wanakunywa chai. Wewe unabamiza milango."

Kisha akahamisha kiti chake cha kukunja, akakiweka karibu yangu. Hakunipenda. Alitaka tu kunichunga nisirudie. Lakini alinichunga miaka mingi, na hivyo ndivyo nilivyopata mwalimu.

Uncle Vish alinifundisha kukanda donge la unga wa mahindi na unga wa kastadi, kwa sababu tilapia wa mji huu anapenda vitamu. Alinifundisha kwamba wakati wa baridi samaki havuti. Anashika chambo kama mpishi anayeonja chumvi, na mara nyingi anakuja kutoka chini, anakiinua. Kwa hiyo usingoje mshipi ukazwe. Ngoja ulegee. Ukilegea bila sababu, hapo ndipo yupo, nawe uinue mkono polepole kama unayemfunika mtoto shuka.

Somo kubwa nililipata siku ya ubatizo. Walikuja waumini wenye mavazi meupe, na ngoma, na mchungaji mwenye sauti, wakaingia majini pale pale tulipokuwa tumemwaga chambo tangu alfajiri. Nilianza kufungasha. Yaya Nyota alishaanza kunilaumu kwa kuchagua mahali patakatifu. Uncle Vish akasema, "Kaeni." Tukakaa. Walibatizwa wengi, wengine wakagoma kidogo kwa sababu ya baridi. Walipoondoka wakiimba, maji yalikuwa kama chai ya maziwa. Tukanyamaza. Baada ya muda mfupi boya langu likazama, kisha la Uncle, kisha la kila mtu. Kishindo kiliwafukuza samaki, lakini tope lililoamka liliwarudisha, maana ndani ya tope kuna wadudu wao.

Tangu hapo nilifunga chubwi, kile kipande cha risasi kinachozamisha mshipi, chini kabisa ya ndoana. Nikigonga nacho sakafu ya bwawa mara mbili tatu, kivumbi kidogo kinapanda. Kisha nainua kiasi cha shubiri, na nanyamaza. Ubatizo mdogo, bila mchungaji.

Sasa twende Amerika.

Binti wa Yaya Nyota, Riziki, alihamia huko na mumewe, Kashindi, kwenye mji mmoja mkubwa wa kaskazini. Riziki alipopata mimba ya kwanza alimwita mama yake. Karatasi zikakubali, na Yaya Nyota akapanda ndege kabla ya Krismasi. Mimi nilibaki Point na magoti yangu, nikaanza kuyazoea maisha ya kustaafu, yaani kukaa saluni na kutoa maoni, kazi iliyokuwa yake.

Mwezi wa kwanza Riziki akanipigia simu analia.

"Mjomba, mama hali. Anakunywa chai na mkate tu. Amekonda. Leo amekunja nguo zake, sanduku liko mlangoni."

"Kwani iko nini?"

"Samaki."

Nikaomba kuongea na mwenyewe.

"Etienne," akasema Yaya Nyota, "samaki wa huku hana kichwa. Wanauza kipande kimefungwa plastiki, cheupe kama sabuni. Macho yake iko wapi? Nitajuaje alikufa lini? Nimeuliza dukani, kijana akanionyesha kingine chenye umbo la kidole. Samaki gani iko na umbo la kidole? Narudi Durban."

"Na mtoto?"

Akasema kwa sauti ndogo, "Huku sina kazi, Etienne. Nakaa naangalia dirisha. Mtu asiyekula na asiyefanya kazi, atamsaidia nani kuzaa?"

Riziki aliporudi kwenye simu aliniambia amebakiza wiki chache ajifungue, Kashindi yuko zamu ghalani karibu kila siku, na yeye Riziki hajawahi kumshika mtoto mchanga maishani mwake. "Mama akiondoka, Mjomba, nitabaki na video za kwenye simu."

Hiyo ndiyo ilikuwa hofu yangu ya kwanza. Ya pili ni kwamba chumba changu ni kimoja, na Yaya Nyota hukoroma, na hupanga upya masufuria ya watu.

Nikamuuliza Kashindi, hakuna maji huko? Akasema yapo. Katikati ya mji kuna ziwa, limezungukwa na barabara na majumba, ndege zinapita juu zikienda kutua. Limeganda, lakini watu wanatoboa matundu na kuvua samaki wadogo wa ukubwa wa kiganja. Mwenzake wa kazini anaweza kumwazima vifaa.

"Wana vichwa?"

"Wanavyo, Mjomba."

Basi siku yake ya mapumziko akaenda, na mimi nikafungua simu ya video pale saluni. Huko ilikuwa asubuhi, huku jua linaelekea kushuka. Mama Bahati alikuwa anamsuka Wanjiru, mwanafunzi Mkenya anayekaa Glenwood, na wote wawili wakasogeza viti waone. Lo! Juu ya ziwa kulikuwa na magari yameegeshwa. Kulikuwa na mahema ya rangi zote, mbwa, watoto wanateleza, watu wanachoma soseji, redio. Lilikuwa bwawa letu lile lile, limegandishwa tu. Nikajisikia nyumbani, na hapo ndipo nilipoharibu.

"Usivue miguuni pako," nikamwambia. "Rusha mbali."

Kashindi akatazama chini, akatazama simu. "Mjomba, nirushe wapi? Iko tundu tu. Upana wa sahani."

Saluni ikacheka. Nikasema basi, tumbukiza donge. Lile donge la kastadi nililomwamuru alikande usiku lilikuwa limekuwa jiwe. Aligonga nalo ndoo ili tusikie. Halafu vidole vya miguu vikaanza kumuuma, akaanza kurukaruka kwa buti zake, puu, puu, puu, na nikaona wavuvi wa mahema ya jirani wanatoa vichwa mmoja mmoja.

"Acha kuruka!" nikapiga kelele. "Chini huko wanakunywa chai!"

"Nani, Mjomba?"

"Mzee," akasema Wanjiru, ambaye alikuwa anasoma kwenye simu yake, "hapa wanasema watumie funza. Wadogo sana. Na ndoana ndogo kama ukucha."

Alisema kweli, na nilimwambia hivyo. Lakini siku ilikuwa imekwisha, na Kashindi alirudi nyumbani na ndoo ya theluji.

Kesho yake Yaya Nyota akanipigia yeye mwenyewe.

"Nani alimwambia mkwe wangu apikie samaki ugali?"

"Mimi."

"Nilijua. Jumamosi naenda mimi. Nikipata samaki, tutaona. Nikikosa, napanda ndege, na wewe uanze kuondoa vitu vyako upande wangu wa chumba."

Sasa nyinyi mliozaliwa hapa Durban nisikilizeni vizuri, kwa maana hili shule haliwafundishi. Kwetu mkwe hakai karibu na mama wa mke wake. Hamtazami usoni, hali mbele yake, hamsemeshi ovyo. Katika ile nyumba yao ndogo walikuwa wamepanga vizuri: Kashindi akiingia jikoni, mama anakohoa na kwenda chumbani. Lolote la kusemwa lilipita kwa Riziki. Lakini Riziki na tumbo lile hakuweza kwenda barafuni. Na hema lililoazimwa lilikuwa la watu wawili, kwa kipimo cha choo cha shimo.

Kashindi akalitatua kama mkwe mwema. Akatoboa tundu la kwanza kwa kekee kubwa ya kutobolea barafu, akasimamisha hema juu yake, mama akaingia na ndoo yake. Akatoboa tundu la pili nje, hatua chache, akaketi kwenye upepo. Na kwa kuwa hawawezi kusemezana, kila mmoja akanipigia mimi. Wanjiru, ambaye alikuwa amerudi kusukwa mtindo mwingine ili asikose habari, aliniazima simu yake. Nikaketi katikati ya saluni, Yaya Nyota sikio la kulia, Kashindi sikio la kushoto.

"Etienne, mwambie mkwe mlango wa hema unapitisha upepo."

"Kashindi, mlango wa hema."

"Mwambie mama nimeufunga."

"Anasema ameufunga."

"Nimesikia zipu. Mimi si kiziwi. Mwambie asante. Muulize hawa funza waliuzwa wakiwa hai?"

"Kashindi, funza walikuwa hai?"

"Walikuwa hai, Mjomba. Muombe mama awaweke karibu na mwili wasigande."

"Yaya, anasema uwaweke karibu na mwili."

"Karibu na mwili wapi?"

Nikaona hilo nisilifikishe ng'ambo.

Wanjiru, kichwa nusu kimesukwa nusu kimesimama, hakuweza kuvumilia tena. "Ati wako umbali gani hao?"

"Hatua chache," nikasema.

"Si waongee basi!"

"Mkwe na mama mkwe?" akasema Mama Bahati bila kuinua vidole. "Kaa sawa, nisikushone sikio."

Nikaanza kumfundisha Yaya Nyota. Nikamwambia afunge chubwi chini ya ndoana, nikamwambia habari ya tope. Hakunipa nafasi ya kumaliza.

"Miaka yote nimeketi nyuma yako juu ya ndoo, unadhani nilikuwa naangalia ndege? Nimeshagonga chini. Nimeinua shubiri. Sasa nyamaza."

Nikanyamaza. Saluni yote ikanyamaza. Mama Bahati akazima kikaushio cha nywele, na mteja aliyekuwa chini yake hakulalamika. Nje watoto wa Point walikuwa wanauza maji baridi kwenye robot, yaani taa za barabarani, huku ndani jasho linanitiririka kwenye simu zote mbili, na mimi nasikia upepo wa theluji kushoto na pumzi ya dada yangu kulia.

"Mshipi umelegea," akanong'ona.

"Polepole, Yaya."

"Shhh."

Nikasikia maji. Nikasikia kitu kinapigapiga barafu.

"Iko na kichwa," akasema Yaya Nyota.

Mama Bahati akaachia msuko.

"Na macho. Ananiangalia."

Saluni ililipuka. Mama Bahati akapiga vigelegele, Wanjiru akaruka na chanuo likiwa bado nywelani. Nami nikageukia sikio la kushoto kumpa Kashindi habari, nikakuta hakuna maneno huko. Kuna meno tu, yanagongana.

"Kashindi?"

"Sa… sawa, Mjo… mba."

"Yaya," nikasema upande wa kulia, "mkwe wako anaganda."

"Amevaa nini?"

Nikauliza. Ilichukua muda kupata jibu. "Amevaa koti. Kofia nzito na glavu amekuachia wewe."

"Hii kofia iko yake?"

"Iko yake."

"Niliikuta mlangoni asubuhi. Nilidhani ni ya Riziki."

Vijana, yaliyofuata sikuyaona, niliyasikia tu, na niliyasikia mara mbili. Zipu ikafunguka katika masikio yangu yote mawili kwa wakati mmoja. Kisha sauti ya dada yangu ikaja, kulia ikiwa karibu, kushoto ikitoka mbali kidogo na upepo ndani yake.

"Kashindi. Ingia."

Nadhani Kashindi hakuamini kwamba anasemeshwa yeye.

"Mwanangu, ingia ndani. Nipe mgongo ukitaka, na mimi nitakupa wangu. Lakini ingia, Riziki asije akazaa akiwa mjane."

Nikasikia buti juu ya theluji, na sauti ya kijana ambayo haikupitia kwangu.

"Ndiyo, mama."

Simu ya kushoto ikakatika. Baada ya kidogo, ya kulia pia. Nikabaki nimeshika simu mbili zilizonyamaza, na saluni nzima inanitazama kama mimi ndiye ninayejua kinachoendelea. Sikujua lolote.

Riziki ndiye aliyenisimulia baadaye. Walitoboa tundu jingine ndani ya hema na wakavua hadi mchana, migongo imeelekeana, hawakutazamana hata mara moja, wakasemezana kuhusu samaki tu. Walirudi na ndoo ambayo chini yake huoni kwa samaki. Yaya Nyota akakaanga wote, akaanza na kichwa. Jumamosi iliyofuata akawakaangia na majirani wa mahema mengine pale pale barafuni. Sasa, nasikia, hakuna anayekula pale ziwani kabla hajaonyeshwa jicho la samaki.

Mtoto alizaliwa salama, wa kike. Lile sanduku la mlangoni sasa limewekwa nguo za mtoto.

Wiki iliyopita nilikumbuka kitu ambacho Uncle Vish alinifundisha kuhusu uzito wa chubwi wakati wa baridi kali, nikaona ni haki dada yangu akijue. Nikapiga. Akapokea Kashindi. Nilisikia upepo, nikasikia mbwa, na karibu kabisa, mgongoni mwa Kashindi, nikasikia sauti ninayoijua.

"Mwambie Etienne asinipigie asubuhi. Niko kazini."

"Mjomba," akasema Kashindi kwa adabu, "mama anasema…"

"Nimesikia," nikamwambia. "Mimi si kiziwi."